Mnara uliopoteza kaskazini: uchambuzi wa kisa cha mnara wa kulinda moto wa msituni

Kisa kwa ufupi

Mnara wa mbao wa kulinda moto, uliojengwa miaka ya 1930 katika milima ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, ulifungwa kwa zaidi ya miongo mitatu, kisha ukakarabatiwa kwa ustadi mkubwa na kurudishiwa mlinzi. Katika msimu wake wa kwanza mlinzi aliuona moshi mapema na akautolea taarifa ndani ya dakika nne. Kikosi kikaenda kwenye bonde lisilo na moto. Moto wenyewe ulikuwa bonde la jirani, ng'ambo ya mgongo mmoja wa mlima, kilomita moja na nusu hivi kutoka pale walipokuwa wakiutafuta. Ulipatikana kesho yake mchana.

Majina ya mnara, msitu, vilele na wahusika yameondolewa. Pembe na umbali vimezungushwa kidogo ili mahali pasitambulike, lakini uwiano kati ya namba umeachwa kama ulivyo, maana kosa lenyewe limo humo.

Usuli: kwa nini mnara ulisimama pale

Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliikusanya mioto midogo iliyokuwa imetapakaa Idaho, Montana na Washington ukaigeuza kuwa janga moja. Kwa siku mbili ziliungua ekari zipatazo milioni 3, yaani kama hekta milioni 1.2, na zaidi ya watu 80 walikufa, wengi wao wakiwa wazimamoto. Idara ya Misitu ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Fundisho ambalo idara ililichukua, liwe sahihi au la, lilikuwa moja: moto ukamatwe ungali mdogo. Mwaka uliofuata Sheria ya Weeks ikaruhusu fedha za serikali kuu ziende kwa majimbo yaliyokubali kushirikiana katika kulinda misitu na moto, na ujenzi wa vituo vya walinzi vileleni ukashika kasi.

Kasi kubwa zaidi ilikuja miaka ya 1930. Kikosi cha vijana cha kazi za uhifadhi, CCC, kilichodumu kuanzia 1933 hadi 1942, kilitoa mikono ya kuchonga njia, kutandaza waya za simu na kupandisha mbao milimani. Mwaka 1935 idara ikaweka kanuni kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata baada ya kuripotiwa. Kanuni hiyo haina maana yoyote pasipo mtu wa kuuona moto siku ile ile unapoanza na kusema uko wapi.

Mnara wa kisa hiki, ambao tutauita A, ulichaguliwa kwa njia ya kawaida ya wakati ule. Wapimaji walipanda kilele kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja wakachora ramani ya kinachoonekana: mteremko unaoonekana unaachwa mweupe, uliojificha nyuma ya mgongo wa mlima unatiwa kivuli. Ramani hizo zikapangwa pamoja. Kilele cha A hakikuwa kirefu kuliko vingine. Kilichaguliwa kwa sababu kilichungulia ndani ya mabonde mawili ambayo mnara B, ulioko kaskazini, ulikuwa ukiyaona upande mmoja tu, na kwa sababu A na B, pamoja na mnara C wa kusini, ilionana. Hilo la kuonana lina uzito kuliko urefu, na ndilo lililosahaulika baadaye.

Kibanda chake kilikuwa cha aina ya L-4, muundo uliosambaa sana tangu karibu 1930: futi 14 kwa futi 14, yaani kama mita 4.3 kila upande, madirisha pande zote nne, mbao zikiwa zimekatwa tayari bondeni na kufungwa mafungu ya kubebwa na nyumbu. Vibao vizito vya kufunika madirisha wakati wa theluji huinuliwa kiangazi na kuegemezwa juu ya fito, vikawa kivuli. Kitanda, meza na jiko vyote viko chini ya usawa wa madirisha, visizibe macho. Katikati ya chumba kuna kitu kimoja tu kilichosimama, nacho ndicho sababu ya nyumba nzima kuwapo.

Kifaa cha katikati ya chumba

William Bushnell Osborne, mtumishi wa Idara ya Misitu, alibuni kifaa cha kulenga moshi muda mfupi baada ya moto wa 1910, na toleo la miaka ya 1930 bado linatumika. Kina ramani ya duara iliyobandikwa kwenye sahani, mahali pa mnara pakiwa kitovu hasa cha duara. Kuizunguka kuna mizani ya digrii 0 hadi 360. Juu yake inazunguka pete yenye vilengeo viwili vinavyokabiliana: upande wa jicho kuna tundu dogo la kuchungulia, na upande wa mbele kuna fremu yenye unywele wa farasi uliovutwa wima. Mlinzi huzungusha pete mpaka unywele ukate chini kabisa ya moshi, si katikati yake, kwa sababu moshi hupeperushwa na upepo na shina lake peke yake ndilo lililo juu ya moto. Kisha husoma namba. Hiyo ni azimuti: pembe inayohesabiwa kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kutoka kaskazini halisi hadi kwenye moshi.

Utepe wa chuma unaopita juu ya ramani kutoka kilengeo hadi kilengeo huonyesha mstari wote ambao moto unaweza kuwa juu yake. Mlinzi anayeijua nchi hufuata utepe kwa kidole, mgongo hadi mgongo, akilinganisha na anachokiona dirishani, mpaka aseme: si mteremko huu, ni ule wa nyuma yake.

Kifaa kimekaa juu ya reli fupi ili kiweze kusogezwa pale nguzo ya kona ya kibanda inapoziba. Kusogeza hakuharibu kitu, maana ramani nzima inahama sambamba, na sentimita chache mbele ya kilomita 20 si chochote. Kuzungusha stendi ndiko kunakoharibu. Digrii moja ya kosa kwa umbali wa kilomita 10 ni mita 175. Kwa kilomita 30 ni mita 520.

Kwa hiyo mnara mmoja hutoa mstari, hautoi nukta. Nukta hupatikana mlinzi wa pili akitoa mstari wake kutoka kilele kingine, na mistari miwili ikakatana kwenye ramani ya kituo kinachopokea taarifa za minara. Mistari ya A na B, ikilenga mabonde yale mawili, ilikatana kwa pembe iliyokaribia mraba. Pembe nzuri kama hiyo hufanya kosa dogo libaki dogo. Mistari ikikatana kwa pembe nyembamba kama mdomo wa mkasi unaofungwa, kosa la nusu digrii huweza kulisogeza jibu kilomita kadhaa.

Kulikuwa na ulinzi wa tatu. Katika miaka ya 1930 idara ilipiga picha za mandhari kutoka minara mingi, picha tatu za digrii 120 kila moja, zikiunganishwa zinazunguka upeo wote. Pembezoni mwa kila picha mna mizani ya azimuti na ya pembe ya wima. Mlinzi wa A alikuwa na nakala ukutani na kituo kilikuwa na nakala hizo hizo. Mtu wa zamu kituoni aliweza kuitazama dunia kwa macho ya mnara huku akisikiliza simu.

Kufungwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege ndogo zilianza kufanya doria, redio zikachukua nafasi ya waya za simu, barabara zikasogea milimani. Ndege inaliona bonde kwa dakika chache halafu inaondoka. Mlinzi analiona siku nzima. Lakini bajeti zilipokuja kulinganishwa, ndege ilionekana nafuu. Mwaka 1964 Sheria ya Nyika ikayaweka mbali na majengo maeneo makubwa ya milima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vikaingia vipokezi vya kutambua mahali radi ilipopiga ardhi, na 1978 kanuni ya saa nne asubuhi ikaachwa rasmi.

Minara mingi haikuachwa ianguke yenyewe. Kibanda kilicho wazi kileleni ni hatari kwa wapandaji na ni dhima kwa mwenye nacho, kwa hiyo vingi vilichomwa moto na idara yenyewe. B kilichomwa. C kilibomolewa mbao zake zikatumika kwingine. A kilinusurika kwa bahati: njia yake ilikuwa ndefu na hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Ila kilivuliwa kila kitu. Kifaa cha Osborne kilishushwa ghalani pamoja na stendi yake. Picha za mandhari ziliondolewa ukutani. Daftari lililokuwa na azimuti za vilele vinavyojulikana, zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi na walinzi waliofuatana, halikupatikana tena.

Ukarabati

Kazi ya seremala ilifanywa vizuri, na inafaa kusemwa hivyo. Nguzo zilipimwa kwa msumari mrefu mguuni, mahali mti unapokutana na zege, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hukaa na kuoza huanzia. Penye kuzama zaidi ya sentimita mbili palikatwa na kuungwa kipande kipya kwa kiungo cha mshazari chenye bolti mbili. Waya za kushikilia mnara zilikazwa kwa zamu, upande huu kidogo na upande wa pili kidogo, maana ukikaza upande mmoja hadi mwisho kibanda kinapinda na madirisha yanapasuka. Rangi ya zamani ilikuwa na risasi, hivyo ilikwanguliwa ikiwa imelowa na mabaki yakateremshwa ndani ya magunia.

Ulinzi wa radi ulifanywa upya kabisa. Waya wa shaba ulipita juu ya paa na kushuka kwenye kona zote nne. Bomba la jiko, jiko na fremu ya chuma ya kitanda vyote viliunganishwa nao. Kileleni hakuna udongo wa kupokea umeme, ni mwamba mtupu, kwa hiyo waya zilishushwa mteremkoni hadi penye ardhi yenye unyevu. Kigoda cha zamani chenye miguu ya kioo, ambacho mlinzi husimama juu yake radi zikipiga, kilitafutwa kikarudishwa.

Mwisho wa kazi, kwenye siku mbili za mwisho kabla ya helikopta ya mizigo kuondoka, kikapandishwa kifaa cha Osborne.

Aliyepewa kukielekeza alijua dira haiaminiki karibu na chuma. Aliichukua nje, akaenda hatua arobaini hivi kwenye jabali, mbali na jiko na waya, akalenga kilele kirefu chenye theluji kilichoko kama kilomita 40 na akasoma mwelekeo wake. Hatua arobaini mbele ya kilomita 40 hazibadilishi pembe kwa kiasi cha kujali. Akajumlisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku, ambayo dira huielekea, na kaskazini halisi ya ramani. Akarudi ndani, akaweka pete kwenye namba aliyoipata, akazungusha stendi nzima mpaka unywele ukate kilele kile kile, akakaza skrubu. Utaratibu wote ulikuwa sahihi.

Namba ya tofauti aliichukua kwenye pambizo ya ramani ya katikati ya karne ya 20: digrii 20 mashariki. Kaskazini ya sumaku haitulii. Katika milima hiyo tofauti imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, na wakati wa ukarabati ilikuwa karibu na 15. Alijumlisha digrii tano zisizokuwapo. Tangu saa ile kila azimuti iliyosomwa kwenye mnara huo ilikuwa kubwa kwa tano.

Siku mbili za moto

Usiku wa Jumanne, katikati ya Julai, ilipita ngurumo yenye radi nyingi na mvua ya kadiri. Jumatano ilikuwa ya ukungu. Moto wa radi hupenda kulala ndani ya mti mkavu au chini ya mzizi kwa siku moja, mbili, hata wiki, mpaka jua likaushe kilichouzunguka.

Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mlinzi aliona uzi mwembamba wa moshi wa kijivu nyuma ya mgongo wa mlima upande wa mashariki-kusini-mashariki. Shina lake halikuonekana. Aliangalia kwa darubini, akasubiri dakika mbili kuona kama unatawanyika. Haukutawanyika. Saa tisa na dakika arobaini na nne alitoa taarifa kwa redio: azimuti 117, umbali wa kukadiria kilomita 18, moshi mdogo wa kijivu, unaelea kuelekea mashariki, shina halionekani, yaelekea ni mti mmoja.

Ofisa wa zamu alichora mstari wa 117 kutoka A, akapima kilomita 18, akatia nukta. Nukta iliangukia mteremko wa bonde la kusini, penye njia ya miguu. Kikosi cha watu wanne kiliondoka saa kumi na dakika kumi, kikaacha gari saa kumi na moja na nusu, na kufika eneo la nukta saa moja na nusu jioni, jua likiwa bado juu, maana kiangazi cha huko jua huchelewa kuzama. Walitafuta hadi saa tatu usiku. Hawakuona moshi wala kunusa. Upepo ulikuwa ukitoka kwao kwenda upande ambao moto ulikuwepo.

Usiku ofisa aliiandika taarifa hiyo kuwa yaelekea ni ukungu. Baada ya mvua, vipande vya mvuke hupanda kutoka mabondeni vikifanana sana na moshi. Walinzi wa Marekani huviita mbwa wa maji, na mlinzi mpya hudanganywa navyo. Kikosi kikaambiwa kirudi asubuhi.

Ijumaa asubuhi hewa baridi ilikuwa imelala mabondeni na kila kitu kilikuwa na utando. Saa tano utando ulipasuka na moshi ukapanda, sasa mzito zaidi, chini ukiwa na weusi. Mlinzi akasoma tena: 117. Akakataa kuambiwa ni ukungu, akaeleza sababu: mbwa wa maji hatokei mahali pale pale siku mbili, wala hageuki mweusi. Helikopta ikatumwa ifuate moshi kwa macho, si nukta. Saa saba mchana iliuona moto katika bonde la kaskazini, kama kilomita 1.6 kutoka kwenye nukta, ukiwa umefika hekta 12 hivi.

Wazimamoto walishushwa alasiri ile. Moto ulizungushiwa mstari baada ya siku nne. Hakuna aliyeumia na hakuna jengo lililoungua. Ukiwa mti mmoja, ulihitaji watu wawili wenye sepeto na msumeno.

Maamuzi na sababu zake

Mlinzi kutoa taarifa kabla ya kuliona shina lilikuwa jambo sahihi kabisa. Kusubiri uhakika ndiko kunakoua faida ya mnara. Jambo la pili alilolifanya vema ni kusema wazi kwamba shina halionekani, maana hilo linaibadilisha maana ya taarifa yote: umbali unakuwa wa kubahatisha, na hata pembe ya wima ya kifaa haisaidii.

Ofisa wa zamu alipokea mstari akaushughulikia kama nukta. Sababu inaeleweka: fomu yake ilikuwa na nafasi ya kuandika mahali, haikuwa na nafasi ya kuandika kiasi cha shaka. Angalitia penseli eneo la digrii mbili kila upande, mgongo ule wa mlima ungaliangukia karibu na ukingo wa eneo hilo na kikosi kingeambiwa kipande juu kuchungulia pande zote mbili.

Kikosi hakikupanda mgongoni kwa sababu kilitumwa mteremkoni na giza lilikuwa linakaribia. Hilo si la kulaumiwa. La kusikitisha ni kwamba mgongo ulikuwa dakika arobaini juu yao.

Uamuzi wa kusema ni ukungu ulikuwa mbaya kuliko mingine yote. Haukutokana na ushahidi wa bondeni. Ulitokana na kutokuona kitu penye nukta. Hapo mtu aliyeona alihukumiwa na watu walioangalia pengine. Kama nukta ina shaka, kutokuta moto penye nukta ni habari kuhusu nukta.

Uchambuzi: kosa lililojificha mbele ya macho

Rubani alipotoa mahali pa moto kwa kipokezi cha setilaiti, ofisa mmoja alifanya hesabu ambayo ndiyo iliyofungua kisa. Alipima azimuti halisi kutoka A hadi motoni: 112. Akatoa taarifa nyingine tatu za msimu ule kwenye faili. Zote zilikuwa zimezidi kwa tano, upande ule ule.

Kosa la mkono wa mtu hutawanyika: leo juu nusu digrii, kesho chini robo. Kosa la kifaa halitawanyiki. Namba nne zikikosea kwa kiasi kile kile na upande ule ule, mlinzi hana hatia. Kitu kimekazwa vibaya.

Mbona zile tatu za kwanza hazikuwashtua? Kwa sababu zilikuwa karibu. Mbili zilikuwa za wapiga kambi, kama kilomita nne kutoka mnara, kando ya barabara. Digrii tano kwa kilomita nne ni mita 350. Kikosi kilifika, kikaona moshi pembeni, kikaenda, kikaandika umepatikana. Ya tatu ilikuwa ya lori lililotimua vumbi. Kila mafanikio madogo yalikithibitisha kifaa kibovu. Kwa kilomita 18 digrii zile zile ni mita 1,575, na kwenye ramani ya kifaa, ambayo mara nyingi ni ya nusu inchi kwa maili, hizo ni milimita 12 tu, upana wa kidole kidogo. Milimita 12 zenye mgongo wa mlima ndani yake.

Lililouma zaidi lilikutwa kwenye daftari la mlinzi. Wiki ya kwanza aliandika kwamba akilenga kilele kimoja cha karibu, utepe haupiti juu ya kilele hicho kwenye ramani, unapita pembeni. Alidhani ramani, ambayo ilikuwa nakala mpya iliyobandikwa, ilikuwa imebandikwa vibaya au imejikunja. Hakusema, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni jambo la kusemwa. Walinzi wa zamani walifanya ukaguzi huo kila asubuhi kabla ya chai: lenga kilele, soma, linganisha na namba ya daftari. Daftari lilipopotea, desturi ilipotea nalo.

Na aliyekielekeza kifaa hakuhitaji dira hata kidogo. Azimuti ya kilele chochote kutoka kwenye mnara hupimwa mezani kwa ramani kubwa na kipimapembe, ikitokana na gridi ya kaskazini halisi, bila sumaku kuhusika. Alitumia kilele cha kilomita 40 kwa nia njema, maana lengo la mbali hupunguza kosa la kulenga. Lakini kilele hicho kilikuwa nje ya duara la ramani ya kifaa, kwa hiyo utepe haukuweza kumwonyesha kwamba amekosea. Kilele cha kilomita 15 kingemwambia papo hapo.

Turudi kwa B. Mnara wa jirani ungekuwapo, taarifa ya kwanza ya msimu ingekuja na mistari miwili. Mistari hiyo ingekatana mahali pasipo na moto, na siku hiyo hiyo mtu angeuliza nani amekosea. Zamani kosa la digrii tano lisingeishi wiki moja. Kilichorudishwa kileleni kilikuwa theluthi ya chombo: macho yalirudi, lakini jirani wa kuyasahihisha na picha za kuyakumbusha hazikurudi. Mpango wa ukarabati ulikuwa na kurasa nyingi za mbao, zege na vioo, na mstari mmoja kuhusu kifaa: kirudishwe mahali pake.

Marekebisho yaliyofanywa

Kifaa kilielekezwa upya kabla msimu haujaisha, kazi ya saa mbili. Kwanza ilihakikiwa kwamba kitovu cha ramani ni mnara wenyewe na kwamba kaskazini ya ramani iko kwenye sifuri ya mizani. Stendi ikasawazishwa kwa pimamaji, kwa sababu sahani iliyoinama hudanganya malengo yaliyo chini sana bondeni. Vikachaguliwa vilele vitano vyenye ncha kali, vimetapakaa upeo wote, vinne kati yake vikiwa ndani ya duara la ramani. Azimuti zao zilihesabiwa ofisini kutokana na vipimo vya mahali vya mnara na vya vilele. Pete ikawekwa kwenye namba ya kilele cha kwanza, stendi ikazungushwa hadi unywele ukikate, skrubu zikashikwa nusu. Kisha vilele vinne vilivyobaki vikasomwa. Vyote vikizidi kwa kiasi kimoja, stendi inazungushwa tena. Kimoja peke yake kikikataa, kilele hicho kimetambuliwa vibaya na kinaachwa. Tofauti ilipobaki chini ya robo digrii kwa vyote, skrubu zilikazwa na mstari mwembamba wa rangi ukapigwa toka stendi hadi sakafuni, ili stendi ikigeuka ionekane.

Nakala za picha za mandhari zilipatikana kwenye hifadhi ya nyaraka na kurudishwa ukutani na kituoni. Miti imekua na mteremko mmoja umeungua tangu zipigwe, lakini mistari ya vilele ni ile ile, na mizani iliyochapwa pembezoni ilikubaliana na mpangilio mpya.

Fomu ya kituo iliongezewa nafasi mbili: shina linaonekana au halionekani, na idadi ya mistari. Taarifa yenye mstari mmoja na shina lililofichika sasa huchorwa kama kabari, na kikosi hupewa mgongo wa mlima wa kupanda badala ya nukta.

Mnara B haukujengwa upya. Kileleni pake pamewekwa kamera inayozunguka, nayo hutoa mstari wa pili mchana na usiku, isipokuwa theluji au umande ukifunika kioo chake. Kamera hiyo nayo ina kaskazini yake ya kukaguliwa. Hukaguliwa kila Jumatatu, mlinzi wa A akisoma namba za vilele viwili kwa redio na kituo kikilinganisha. Namba tano za A zimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa dirisha, kila moja chini ya kilele chake, pamoja na tarehe zilipopimwa.